Mbio za sungura zatoka mgongoni

Sungura akichomoka bandani, watoto wa mtaa mzima wa Majengo hapa Moshi wanaweza kumfukuza wasimpate. Miguu ya mbele si ya kuisifia sana. Ni mifupi, na kazi yake hasa ni kupokea mwili anapotua. Nguvu iko nyuma, kwenye mapaja manene na nyayo ndefu. Akikimbia, hukunja mgongo mpaka miguu ya nyuma ipite ya mbele na kutua mbele yake, kisha huunyoosha ghafla kama upinde unaoachia mshale. Mifupa nayo ni myepesi ajabu: yote kwa pamoja ni takribani asilimia 8 ya uzito wake, wakati ya paka hukaribia 13. Mzigo mdogo, misuli mingi. Hivyo hufikia hata kilomita 40 kwa saa.

Ila hadumu nazo. Aliyewahi kumchinja anajua nyama yake ni nyeupe. Misuli ya namna hiyo hutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha huchoka. Ukoo wa sungura wa kufugwa ulitoka Hispania na Ureno, ambako kilichohitajika ni kuwahi shimoni tu. Sungura pori wa nyika za Monduli na Simanjiro ni wa jamii nyingine: hana shimo la kukimbilia, hivyo nyama yake ni nyekundu, moyo wake ni mkubwa zaidi kwa umbo lake, na hustahimili mbio ndefu.

Sasa wafugaji wenzangu, nawasihi. Misuli hiyo yenye nguvu imeshikizwa kwenye mifupa myepesi. Sungura akining'inizwa kwa masikio, au akibebwa makalio yakiwa yanalewalewa, hurusha mateke na anaweza kujivunja uti wa mgongo, hasa sehemu ya kiunoni. Akipooza, mara nyingi hakuna la kufanya. Hata mbwa akizengea banda usiku, mruko mmoja wa hofu unatosha kumvunja. Mshike hivi: mkono mmoja chini ya kifua, wa pili ubebe makalio, kisha mwegemeze kwako. Chini ya nyayo ana manyoya tu, hana minofu laini kama ya paka, kwa hiyo sakafu ya waya mtupu humtoa vidonda. Mwekee kipande cha ubao. Na banda liwe refu kiasi cha yeye kuruka hatua tatu au nne mfululizo, kwa sababu sungura asiyeruka mifupa yake huzidi kudhoofika.