Kadi ya kipimo cha siki si ushahidi wa baraza la ndoa

Alhamisi ya wiki iliyopita, nikiwa bado napanga spekulamu (vile vifaa vya kufungulia uke ili nione ndani) zilizotoka kuchemshwa, mwanaume aliingia chumbani kwangu bila hodi, mkononi kadi ya mkewe ya kipimo cha siki, kile cha kuchungulia saratani ya mlango wa kizazi. Alikuwa ametoka Kibaigwa na basi la alfajiri. Salamu hakuna. "Nesi, hapa mmeandika chanya. Nataka uniandikie na tarehe aliyoanza kunisaliti, niipeleke barazani."

Ni wa tatu mwaka huu. Wa kwanza alikuja na balozi wake wa nyumba kumi. Wa pili alikuwa mama mkwe, ambaye angalau alinipa mbukwa, salamu ya Kigogo, kabla ya kuanza kunifokea. Nimechoka kueleza kwa mdomo, mmoja mmoja, huku akina mama wamejaa kwenye benchi nje. Naandika.

Siki haipimi zinaa. Haipimi hata kirusi. Ni siki tu, ya makali ya asilimia 3 hadi 5, ndugu wa ile mnayomwagia chipsi. Naipaka kwenye mlango wa kizazi, nasubiri dakika nzima kwa saa (kwa saa, si kwa kukisia, wanafunzi wangu mnanisikia), halafu naangalia. Seli zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Weupe mzito, wenye kingo zinazoonekana, ulioshikana na ule mpaka ambapo ngozi ya nje inakutana na ya ndani, huo ndio naandika chanya. Kadi inasema hapa kuna seli zilizobadilika, au zinazofanana na zilizobadilika. Haisemi nani, haisemi lini, na haisemi saratani.

Kinachozibadilisha karibu kila mara ni kirusi kiitwacho HPV, na HPV huenezwa kwa ngono. Hilo silizunguki. Harald zur Hausen, Mjerumani aliyekitambua HPV aina ya 16 ndani ya saratani hii mwaka 1983 na aina ya 18 mwaka uliofuata, alipewa Nobel mwaka 2008 kwa kazi hiyo. Aina hizo mbili zinabeba kama asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Lakini aina zote za HPV zimevuka 200. Zinazoleta masundosundo kwa kawaida ni ya 6 na ya 11, ambazo hazina habari na saratani hii, kwa hiyo anayeniambia "mimi sina sundosundo hata moja, niko safi" amejibu swali ambalo sikumuuliza.

Sasa tarehe, ndiyo inayonipandisha presha.

Watu wanaifikiria HPV kama gono. Gono kwa mwanaume mara nyingi halina siri: Jumamosi umelala usipopajua, Jumatano unauma meno chooni. Unaweza kuhesabu siku kwa vidole. HPV haihesabiki. Watu wengi mno walioanza ngono huipata wakati fulani, hawaumwi, hawajui, na kwa karibu tisa kati ya kumi mwili unaizima wenyewe ndani ya miaka miwili. Ni wachache tu ambao kirusi hung'ang'ania, na hapo nako huenda taratibu: kutoka maambukizi mpaka saratani mara nyingi ni miaka 15 hadi 20, au 5 hadi 10 kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa. Kwa hiyo baka ninaloliona leo kwa mama wa miaka 38 linaweza kuwa limetoka kwa mchumba wa kabla ya ndoa, au kwa mume wa kwanza ambaye ni marehemu, au kwako wewe mzee, kutoka safari zako za ujana ambazo hakuna aliyekuitia baraza.

Aliyekulia Ugogoni anaijua Bahi. Miezi saba ardhi ni kavu, ng'ombe wanalamba vumbi, ungeapa hapo hakuna hata mbegu moja. Zikinyesha mvua mbili za Desemba, kijani kila mahali. Hakuna anayezunguka kijijini akiuliza nani kapanda jana usiku. HPV nayo inaweza kujificha chini ya kiwango ambacho vipimo vinakiona, ikaonekana tena miaka mingi baadaye.

Je, inawezekana ni maambukizi mapya? Inawezekana. Nikisema haiwezekani nitakuwa nadanganya kwa upande wa pili. Mwanamke wa miaka 45 akikutwa na HPV, hata maabara haiwezi kumwambia kama ni ya zamani iliyoamka au ni mpya iliyoingia, wala kama imeletwa na yeye au na mwenzake. Hiyo kadi ukiipeleka barazani, mkeo naye ana haki ya kuinyanyua na kukuuliza swali lile lile.

"Mimi nimepita jandoni," yule wa Kibaigwa akaniambia, kama dereva anayemwonyesha trafiki leseni. Kutahiriwa kunapunguza, majaribio ya Rakai kule Uganda yalionyesha hivyo. Kunapunguza. Kondomu pia inapunguza, haizuii yote, maana kirusi hiki hupita ngozi kwa ngozi, na ngozi ipo hata pale kondomu isipofika.

Kundi lingine linaloniudhi ni la sindano. Mama anapewa kadi ya chanya, anapita duka la dawa, anaambiwa hiyo ni PID sugu (maambukizi ya ndani ya via vya uzazi), anachomwa sindano tano na mfuko wa vidonge juu. Antibiotiki haziui kirusi. Haziwezi kurudisha seli zilizobadilika. Nikikuta usaha, ndiyo, nautibu kwanza na kuangalia tena baadaye, kwa sababu uvimbe wenyewe unaweza kunidanganya kwa weupe. Na kwa gono, klamidia, trikomona au kaswende, mwenzako lazima atibiwe, la sivyo mtazungushiana. Kwa HPV mwenza hana dawa ya kupewa. Ni shughuli mbili tofauti zinazofanyika kwenye kitanda kimoja, na mkanganyiko wote umeanzia hapo.

Kinyume chake ndicho kinachonikosesha usingizi. Mama katibiwa "uchafu" mara tatu, kila mara anasema anatoka damu baada ya tendo, na hakuna hata mmoja aliyemwingiza spekulamu akaangalia. Damu baada ya tendo haiandikiwi dawa kwa kuangalia uso. Wengine ni kichocho: mayai ya kile kichocho cha mkojo hunasa kwenye mlango wa kizazi, yanaacha mabaka kama mchanga, yanavuja damu. Binti aliyeogelea lamboni tangu utoto anaitwa malaya kwa sababu ya konokono wa majini anayebeba kichocho.

Chanjo ya HPV: ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Haifungi kizazi. Wenye VVU: hatari yenu ni kama mara sita ya wengine, kwa hiyo mkienda CTC, kliniki yenu ya dawa, ulizeni kipimo hiki, msisubiri mtu akumbuke. Tuendelee.

Macho yangu nayo yana kasoro zake. Kipimo hiki ni jicho la mtu. Mafunzoni tulionyeshwa picha moja, tukiwa sita, majibu yakatoka matatu kwa matatu. Ngozi changa ya msichana hugeuka nyeupe, kidonda hugeuka nyeupe, na mabadiliko mengi ya mwanzo yangeondoka yenyewe kama ningeyaacha. Nimefanya tiba mgando, ya kuligandisha baka kwa baridi, na sasa ya joto, kwa wanawake ambao wengine wao hawakuihitaji. Nani hasa, siwezi kujua. Natibu kwa sababu mama wa Mpwapwa aliyekopa nauli sina uhakika nitamwona tena, na baka moja nililoliacha likawa saratani linanitisha kuliko kumi niliyoyatibu bila sababu. Baada ya miaka 50 ule mpaka hupanda ndani nisikouona, kwa hiyo "hasi" yangu kwa bibi wa miaka 62 haina uzito mkubwa. Kipimo cha HPV chenyewe ni bora. Kikiwepo, chukueni hicho.

Na kuna uongo. Zamani, nikiona mume kakaa nje amekunja uso, nilikuwa namwambia mama "ni mchubuko tu." Wenzangu wengi husema hivyo hadi leo, kwa nia njema, kuokoa ndoa. Mmoja niliyemwambia hivyo hakurudi kutibiwa. Kwa nini arudi? Mchubuko hupona wenyewe. Alirudi baada ya miaka sita akiwa anavuja, tukamwandikia rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam. Tangu hapo nasema HPV, nasema ngono, halafu naeleza tarehe mpaka koo linakauka.

Yule wa Kibaigwa alisikiliza, akakaa. "Sasa na mimi nipimwe wapi?" Nikamwambia sina kipimo cha kumpa. "Dawa je?" Hakuna. Akaniangalia kama nafichia watu dawa kabatini. Nikamweleza kwamba tiba ya mkewe ni dakika chache, kifaa cha joto la kama nyuzi 100 kinagusa baka, atatokwa na majimaji kwa muda, na wasikutane kwa wiki nne.

"Wiki nne?" Hiyo aliisema kwa sauti kuliko alivyosema kusalitiwa.

Jumanne mama mwenyewe alikuja. Peke yake, ila nauli alikuwa amepewa, na ya bodaboda kutoka stendi pia.