Kemikali katika vitu vya watoto: dhana potofu kuhusu sheria za Marekani

Dhana: Kichezeo kikifika dukani, kila kemikali iliyomo imekwisha kupimwa.

Ukweli: Sheria ya kudhibiti kemikali zenye sumu, iliyopitishwa mwaka 1976, iliziacha kemikali zipatazo 62,000 ziendelee kuuzwa bila kuthibitishwa kuwa ni salama, na jukumu la kuonyesha madhara likaangukia serikali; jukumu hilo lilikuwa zito kiasi kwamba mwaka 1991 mahakama ilitengua sehemu kubwa ya marufuku ya asbesto (madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika katika ujenzi), ambayo madhara yake yalikuwa yakijulikana kwa miongo mingi. Marekebisho makubwa yalisubiri hadi mwaka 2016. Vitu vya watoto vilipata sheria yake mwaka 2008, baada ya mamilioni ya vichezeo kuondolewa madukani mwaka uliotangulia, vingi kwa sababu ya rangi yenye madini ya risasi. Sheria hiyo inadai vipimo vya maabara huru, lakini kwa kemikali zilizotajwa tu: risasi, metali nzito chache, na thaleti zinazolainisha plastiki. Mzazi ana haki ya kuambiwa mpaka huo waziwazi.

Dhana: Risasi kidogo haimdhuru mtoto.

Ukweli: Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na zaidi tena akipungukiwa madini ya chuma au kalisi, katika umri ambao ubongo wake bado unajengeka na kila anachokishika hukipeleka mdomoni. Kikomo cha kisheria cha risasi katika vitu vya watoto Marekani, yaani sehemu 100 kwa milioni, kinachotumika tangu Agosti 2011, kiliwekwa kwa kuangalia kinachowezekana kiwandani. Hakikuwekwa kama kipimo cha usalama.

Dhana: Chupa iliyoandikwa kuwa haina BPA (kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu) haina shaka.

Ukweli: BPA iliondolewa katika chupa za watoto wachanga Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2012, lakini baadhi ya bidhaa zilibadilishiwa BPS, kemikali inayofanana nayo na ambayo utafiti umeonyesha kuwa nayo huvuruga homoni.

Dhana: Sheria hizi huwaangamiza watengenezaji wadogo.

Ukweli: Hofu hii ilikuwa na msingi, kwa kuwa gharama za maabara ni kubwa. Ndiyo maana Agosti 2011 Bunge la Marekani liliwapunguzia wadogo baadhi ya vipimo bila kulegeza viwango vyenyewe, na rangi yao bado hupimwa risasi na maabara huru.