Hiyo batri haina volti 88

Kijana mwingine ameingia karakanani na perseze (mashine ya kutoboa) ya batri aliyoitoa madukani Birere, akanigeuzia kibandiko nikisome: 88V. Akaitazama ya waya iliyoning'inia ukutani, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani, "Papa, hii sasa inashinda ile yenu." Inashinda kwa nini? "Kwa volti." Haya. Kama ni mashindano ya volti, ya waya inakula 220, tufunge mjadala turudi kazini. Lakini kwa sababu kesho atakuja wa tatu, naandika hapa nimtumie na yeye.

Fungua skrubu za hiyo batri. Ndani kuna seli tano za mviringo, zile zinazoitwa 18650: upana milimita 18, urefu 65. Seli ya lithiamu ya aina hiyo inahesabiwa volti 3.6, na ikijaa kabisa ni 4.2. Tano kwa mstari mmoja zinakupa 18, na zikitoka kuchajiwa ni 21. Ndiyo sababu kuna batri ya 18V, ya 20V na ya 21V, watu wanagombana ipi ina nguvu, kumbe zote ni seli tano zilezile. Mmoja kaandika ya kawaida, mwenzake kaandika ya tumbo limejaa. Hizo 88, 128, hadi 288, ukiangalia vizuri mara nyingi zimeandikwa VF. VF si kipimo cha kitu chochote. Weka multimeta batri ikiwa imejaa, utasoma 20 na kitu.

Nguvu ni volti mara ampea. Seli tano za bei rahisi ukizikamua ampea 20 ni wati 360, na hapo zimeshapata moto. Ya waya imeandikwa wati 600 au 700, ila hizo ni wati inazokula; nyingi zinaishia kwenye joto kabla ya kufika kwenye meshi, ile ncha inayotoboa. Kwa hiyo kwa tundu moja, mbili, hazipishani sana kama sisi wa waya tunavyojidai. Zinapishana kwenye kuendelea. Batri ya 18V yenye ampea-saa 2 imebeba wati-saa 36: kazi ya wati 360 mfululizo inaimaliza kwa dakika sita. Ukuta unaendelea kutoa.

Sasa wazee wenzangu wasicheke, maana wao ndio wanaonichosha zaidi na ule wimbo wao kwamba ya batri ni ya kuchezea. Chukua mlango wa libuyu, mbao ngumu, unataka tundu la kitasa, meshi bapa ya milimita 25. Perseze ya waya ya kawaida ina vitesi moja, yaani gia moja ya mwendo, inazunguka karibu 2800 kwa dakika. Hiyo ni mbio mno kwa meshi ile, mbao inaungua, basi unabonyeza swichi nusu ili ipoe. Haipoi. Feni ya kupuliza mota imefungwa kwenye mhimili uleule wa mota: ukiipunguza mota, umepunguza na upepo, huku mzigo unavuta ampea nyingi. Ile harufu unayoijua ndiyo hiyo. Ya batri unaiweka vitesi ya 1: meshi inazunguka 400 hivi, lakini mota ndani bado inakimbia, feni inapuliza, meno ya gia yanazidisha nguvu ya kuzungusha. Inakata polepole, vipande vinatoka vinene, hakuna moshi. Kwa kazi nzito ya polepole, gia ni muhimu kuliko waya. Ziko za waya zenye vitesi mbili, ndiyo. Muulize muuzaji kabla ya kuuliza wati.

Ila meshi ikikwama, zote zitakupinda mkono. Ile pete ya namba kwenye ya batri ni ya kufungia skrubu. Ukiiweka kwenye alama ya meshi haiachii tena.

Halafu kuna umeme wetu. Jioni Goma yote ikiwasha majiko, nimesoma 170 kwenye soketi. Mota ya waya hapo inalegea, na fundi anaongeza kuisukuma, na sharbo, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zinatoa cheche. Chaja ya batri, kama kibandiko chake kinasema 100-240V, haijui hata kuna shida. Umeme ukikatika kabisa, nikiwa na batri mbili zilizojaa namalizia vitanda. Ya waya inataka jenereta au inveta kubwa, kwa kuwa inapoanza kuzunguka inavuta kuliko ilivyoandikwa.

Kuta za mawe ya lava? Usipoteze muda na yoyote kati ya hizi mbili. Tafuta mashine ya kugonga yenye SDS, kile kishikio cha meshi za kugongea.

Kuchagua batri dukani, mimi nainyanyua. Seli moja ina gramu 45 hivi. Inayodai ampea-saa 6 lazima iwe na seli kumi au zaidi za aina ile, mistari miwili ya tano, yaani karibu nusu kilo bila plastiki. Ikiwa nyepesi, rudisha. Ikiwa nzito, bado sina amani: seli kuukuu zilizotolewa kwenye kompyuta zina uzito uleule, na hazikutengenezwa kutoa ampea nyingi kwa pamoja. Hapo dukani sina dawa, zaidi ya kuomba nitoboe mbao kavu mbele ya muuzaji. Akikataa, naenda kwa jirani yake.

Na zile zisizo na sharbo, mota yake haipotezi sana, batri inakwenda mbali zaidi, hilo sibishi. Kama zinastahili bei yake kwa karakana ndogo, sijaamua. Ya sharbo nikiiua naifufua mwenyewe mezani. Ile nyingine kadi yake ya elektroniki ya ndani ikiungua, nani ataitengeneza hapa?