Mbwa anayenguruma akila: usimzibe mdomo

Kati ya maswali ninayoletewa, hakuna linalojirudia kama hili: mbwa ni mpole, anacheza na kila mtu, ila akishawekewa chakula hataki kusogelewa. Ananguruma. Mwenyewe humfokea au humchapa, na mara nyingi mngurumo hukoma. Watu huona kazi imekwisha. Mimi hapo ndipo ninapoanza kuogopa.

Kunguruma ni onyo. Mbwa anakwambia hana raha, na anakwambia mapema, kabla meno hayajatumika. Ukimwadhibu, hofu ya kunyang'anywa inabaki palepale. Kinachoondoka ni onyo. Ndiyo maana si ajabu kumsikia mtu akisema mbwa wake "kauma ghafla tu, bila dalili". Dalili alizitoa zamani, akakatazwa.

Tena mngurumo huwa umetanguliwa na ishara ndogo. Mtazame anakula huku mtu anapita: mwili unakaza, taya zinasimama kidogo, au kinyume chake anaanza kufakamia. Kichwa kinazama zaidi bakulini, macho yanakufuata bila kichwa kugeuka, mpaka weupe wake unaonekana. Mkia usiutegemee, maana unaweza kutikisika hata mbwa akiwa na wasiwasi. Ukiona hayo, umeshakaribia mno.

Tunachotaka ni mbwa aanze kufurahia ujio wako. Anzia mbali, pale ambapo bado anakula amelegea. Pita, mtupie kipande cha nyama au chochote anachokipenda kuliko kilichomo bakulini, kisha nenda zako. Usisimame, usimpapase, usimsemeshe sana. Fanya hivyo mlo baada ya mlo. Akianza kuinua kichwa kwa hamu kila ukitokea, mwili umelegea, punguza umbali kwa hatua moja tu. Akikaza tena, umeharakisha, rudi ulikotoka. Kwa baadhi ya mbwa hii ni kazi ya miezi, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini. Akiiba kiatu, vilevile: mpe kitu kizuri zaidi mbadilishane. Ukimkimbiza, atajifunza kukilinda.

Ule ushauri wa kumtia mtoto wa mbwa mkono bakulini "ili azoee" siupendi kabisa. Anachojifunza ni kwamba akila anasumbuliwa. Mkono ukienda bakulini, uende na nyongeza.

Kama ni mbwa mzima na tabia imeanza ghafla, apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo. Jino bovu, sikio lenye maambukizi au nyonga inayouma humfanya mbwa asitake kuguswa wala kusogelewa, na mazoezi hayatibu maumivu.

Watoto wasishiriki mazoezi haya hata kidogo. Mbwa ale chakula chake peke yake, mlango umefungwa, na bakuli liondolewe baada ya yeye kutoka. Ikiwa ameshamuuma mtu, usiendelee mwenyewe. Tafuta mtaalamu wa tabia za mbwa aje amwone. Jeraha lenyewe lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeumwa aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zake zikishatokea karibu kila mara huua.