Uzamivu katika afya ya vijijini: swali la utafiti limetoka kwa nani?

Vijana wanaotaka kusoma shahada ya uzamivu katika afya ya jamii za vijijini na za watu wa asili huniandikia mara kwa mara, na wengi huuliza mambo yale yale: niende chuo gani, ufadhili uko wapi, je, ni lazima niwe tabibu? Si lazima. Fani hii ina wauguzi, madaktari wa mifugo, maofisa lishe na wanasosholojia, na kila mmoja ana kazi yake. Kuhusu chuo, Afrika Mashariki utaisoma zaidi chini ya mwavuli wa afya ya jamii. Marekani, Chuo Kikuu cha North Dakota kilianzisha mwaka 2020 uzamivu unaohusu afya ya watu wa asili peke yake. Jambo ambalo ni nadra kuulizwa, na ambalo mimi ningeanza nalo, ni hili: hilo swali unalotaka kulitafiti limetoka kwa nani?

Chukua homa. Mfugaji wa Longido au Simanjiro, wilaya za wafugaji kaskazini mwa Tanzania, akishikwa na homa huambiwa ana malaria. Kipimo kikikataa, ataambiwa malaria imejificha, au ni UTI, au ni taifodi, kisha atarudi bomani na dawa mkononi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Kwa macho ya kitabibu, asilimia 60.7 walihesabiwa kuwa na malaria. Maabara ilipomaliza kazi yake, waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Zaidi ya robo ya homa zilizochunguzwa zilitokana na bakteria wanaotoka kwa wanyama: leptospira, homa ya Q, riketsia zinazobebwa na kupe, na brusela, ule ugonjwa ambao wafugaji wanaufahamu kwa kuwa unawatupisha ng'ombe mimba.

Takwimu hizo ni za hospitalini Moshi, ambako kuna maabara. Zahanati ya kijiji cha wafugaji ina kipimo cha haraka cha malaria na kitabu cha MTUHA, yaani rejista ya serikali ya kuandikia wagonjwa. Kitabu kile kina safu ya umri, ya jinsi, ya mahali anapotoka mgonjwa na ya ugonjwa aliokutwa nao. Hakina mahali pa kuandika kwamba wiki tatu zilizopita mgonjwa huyu alimzalisha ng'ombe kwa mikono mitupu. Lakini mwanamke wa boma anajua ni ng'ombe gani alitupa mimba, nani alishika kondo, na maziwa ya ng'ombe yule walinyweshwa watoto gani. Taarifa ipo, tena kwa mpangilio mzuri, ila haijawahi kuulizwa na mtu mwenye uwezo wa kuipeleka mahali. Hapo ndipo uzamivu unapoweza kuanzia, na utaona kwamba swali lenyewe tayari limeshaulizwa na wenyeji: kwa nini mifugo inaumwa na sisi tunaumwa kwa wakati mmoja?

Mfano ninaoupenda sana katika fani hii umetoka Chad. Watafiti waliofuatana na wafugaji wa kuhamahama waligundua kwamba ng'ombe waliochanjwa walikuwa wengi kuliko watoto waliochanjwa, na katika kambi walizozichunguza hawakukuta hata mtoto mmoja aliyekamilisha chanjo zake. Madaktari wa mifugo walikuwa wakifika kila mwaka, wana magari na wana majokofu. Basi idara mbili zikakubaliana kusafiri pamoja, na mama akawa analeta mtoto siku ile ile baba analeta ng'ombe. Kumbuka kwamba hakuna mtu aliyetunga dawa mpya pale. Waliangalia ni huduma gani tayari inawafikia watu wale, wakaifuata.

Sasa mbinu, maana hapa ndipo tasnifu nyingi huharibikia. Fomu zetu za utafiti huhesabu kaya, na kaya maana yake ni watu wanaokula chungu kimoja. Ingia kwenye boma la Kimasai uone. Mume mmoja ana wake watatu, kila mke ana nyumba yake na ng'ombe wake wa kukamua, na maziwa yanagawanywa na mke, si na mume. Mtoto wa mke mdogo analala kwa bibi na anakula huko. Vijana wako mbali na mifugo tangu mvua ilipokatika. Ukiandika boma zima kuwa kaya moja na ukamhoji mzee peke yake, utapata picha ya chakula cha mzee. Ukitegemea orodha ya mtendaji wa kijiji wakati wa kiangazi, utawahesabu watu wasiokuwepo na utawakosa waliokuja na ng'ombe kutoka wilaya ya pili. Kwa hiyo kalenda ya utafiti lazima ifuate malisho na siku za mnada, hata kama chuo kinataka ifuate muhula.

Umri nao una mtego wake. Udumavu wa mtoto hupimwa kwa kulinganisha urefu na umri, na umri wenyewe unahesabiwa kwa miezi. Mtoto asiye na cheti wala kadi ya kliniki akiongezewa miezi sita kwa kubahatisha, utaandika udumavu usiokuwepo. Akipunguziwa, utaufuta uliopo. Ndiyo maana tunatengeneza kalenda ya matukio pamoja na wazee na akina mama wa kijiji husika: alizaliwa kabla au baada ya uchaguzi mkuu wa 2020, mvua za vuli au za masika, kabla ya tohara ya vijana wa boma fulani au baada yake. Kwa watu wazima unarudi nyuma hadi ukame wa 2009, mvua za El Niño za 1997 na 1998, na rika la mtu. Kazi hii huchukua siku nyingi na haina ukurasa wake katika tasnifu, lakini namba zote zitakazofuata zimesimama juu yake.

Halafu ruhusa. Nchini Tanzania utahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kisha barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, ya Mkurugenzi wa Halmashauri, ya mtendaji wa kata na ya mtendaji wa kijiji. Ukifika na mihuri yote hiyo, serikali imekuruhusu, lakini wenyeji bado. Kwa wafugaji utakaa na malaigwanani, viongozi wa mila wa Kimasai, na nasisitiza utakaa na wanawake pia, kando, kwa sababu mkutano wa wazee hauwezi kutoa ridhaa ya matumbo na matiti ya watu wengine.

Kwa nini ninalikazania hili la ridhaa? Kwa sababu ya Wahavasupai, kabila dogo linaloishi ndani ya bonde la Grand Canyon huko Arizona. Kuanzia mwaka 1990 walitoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona wakiamini inakwenda kusaidia kupambana na kisukari kilichokuwa kinawamaliza. Mwaka 2003 mmoja wao, Carletta Tilousi, alihudhuria utetezi wa tasnifu ya uzamivu chuoni hapo na kusikia damu ya watu wake ikitumika kwa jambo jingine kabisa. Akasimama akauliza ridhaa ilipatikana wapi. Sampuli zilikuwa zimetumika kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili), uzazi wa ndugu kwa ndugu, na asili ya uhamaji wao, mambo ambayo wasingeyakubali wangeulizwa. Kesi ikaisha mwaka 2010 kwa fidia ya dola 700,000 na kurudishwa kwa damu yenyewe. Kila mwanafunzi ninayemsimamia namsimulia kisa hiki, kwa sababu kiligundulika katika chumba kama kile atakachosimama yeye kujitetea.

Wasan wa Afrika Kusini, watu wa asili wa huko, walikwenda hatua nyingine. Mwaka 2017, mjini Cape Town, walitangaza kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, wakiwadai watafiti heshima, uaminifu, haki na kujali. Wanataka kuona utafiti kabla haujachapishwa, na wanataka kujua watafaidika nini.

Swali hilo la kufaidika linatugusa moja kwa moja tukiwatazama Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya matunda na mizizi. Ni watu elfu moja na mia kadhaa tu, lakini dunia ya sayansi inawajua mno: matumizi yao ya nishati mwilini yalichapishwa mwaka 2012, vijidudu vya utumbo wao 2014, usingizi wao 2015. Zote ni kazi nzuri, na zimetufundisha mengi kuhusu mwili wa binadamu. Lakini takwimu zilizokusanywa kwao tangu miaka ya 1980 zinaonyesha pia kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano hufa kabla ya kutimiza mwaka, na karibu nusu hawafiki miaka 15. Kati ya habari hizi mbili, ni ipi umewahi kuisikia? Mama wa Kihadzabe ukimpa nafasi ya kuchagua mada ya tasnifu yako, sidhani ataanza na vijidudu vya utumbo.

Ndiyo maana pendekezo la utafiti linaponifikia, mimi huanza kulisoma kwenye bajeti. Natafuta mstari wa kurudisha matokeo kijijini: mafuta ya gari, mkalimani, siku za mikutano na wanaume na wanawake kwa nyakati tofauti, chakula. Kisha naangalia kama ushauri unaotarajiwa kutolewa umehesabiwa gharama yake kwa atakayeutekeleza. Ukisema wafugaji wachemshe maziwa kuzuia brusela, upo sahihi kitabibu. Sasa niandikie kuni zitatoka wapi, ni mwendo wa saa ngapi, na nani ataacha kazi gani ili akazitafute. Mwanafunzi aliyeshakaa na wanawake wale kabla ya kuandika huwa na majibu hayo tayari, na pendekezo lake huwa naliona jipya hata kama ugonjwa ni ule ule.