Kabla ya paneli za sola, tazameni vioo

Nimelisikia tena kikaoni, safari hii kwa mtu mwenye kalamu ya bajeti: jiji likitaka kupunguza kaboni ya majengo, liweke paneli za sola juu ya paa za ofisi zake. Watu wakapiga makofi. Mimi nikanywa maji.

Jamani, takriban asilimia 90 ya stima ya Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Tana, upepo wa Turkana na vyanzo vingine visivyochoma mafuta. Paneli ya saa sita mchana hapa Nairobi haiwezi kuokoa kaboni kama paneli hiyohiyo Johannesburg, ambako gridi inakula makaa ya mawe. Bili itashuka, sikatai. Bili si kaboni. Pana utata hapa, nakiri: sola ya mchana inaweza kubakisha maji bwawani, yakazungusha mitambo jioni badala ya mashine za mafuta kule Kipevu, Mombasa. Hutegemea mvua na anayeendesha gridi siku hiyo, kwa hiyo anayebishana nami kwa hoja hiyo simfukuzi.

Kinachoniudhi hasa ni vioo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Ofisi iliyochorwa kwa akili haihitaji AC. Majengo mengi ya zamani katikati ya jiji yana mapezi ya zege, yaani vibao vya kukinga jua, mbele ya madirisha: jua la saa kumi linagonga pezi, haliifikii meza ya karani. Siku hizi mtu anasimamisha ghorofa Westlands, upande wa magharibi kioo kitupu, dirisha halifunguki. Kisha anataka AC. Kisha anataka jenereta ya kuendesha hiyo AC stima ikipotea. Na ramani imepitishwa na nani? Kaunti! Ingekataa tu kioo kisicho na kivuli upande wa magharibi, na isingetumia hata shilingi ya mfuko wake.

Halafu gesi. Kila mtu hupima stima inayoliwa na AC, hakuna anayeuliza gesi ya kupozea iliyomo kwenye mabomba yake. Kilo moja ya R-410A, gesi iliyo kwenye AC nyingi, ikitoroka ni kama tani 2 za kaboni dioksidi, yaani karibu lita 780 za dizeli zilizochomwa bure. Fundi anapanda juu, analegeza nati, pssss, anashuka. Mashine ya kunyonya gesi ipo, ila ni nzito na mteja hataki kulipia muda huo. Leseni ya kaunti ingeweza kumbana, ingawa nina shaka kama askari wa kanjo atatofautisha R-410A na R-32, gesi nyingine ya AC yenye madhara ya theluthi moja hivi.

Simiti niipitie haraka. Kaboni yake nyingi hutoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa, hata ukibadilisha mafuta ya tanuri. Simiti ya pozolana, iliyochanganywa na majivu ya volkano hivyo ina chokaa kidogo iliyochomwa, inatosha kabisa kwa plasta na kujengea ukuta; wanaodai simiti kali ya daraja la 42.5 kila mahali wanalipia hofu. Kaunti ianze kwa kuliandika hilo kwenye zabuni zake za zahanati na masoko.

Paneli nazo zije, zianzie pale jenereta inaponguruma kila siku.