Je, wajua kwa nini watu wa mtaa hawaji kwenye vikao vya maoni, na Mukuru waliwapataje?

Ukiuliza kwa nini kikao cha maoni ya wananchi kilikuwa na watu ishirini tu, na wote ni walewale wa kila siku, jibu utakalopewa ni kwamba watu hawajali. Mimi hilo nalikataa kabisa.

Hebu muangalie mtu wa Mukuru, mitaa ya mabanda pale Nairobi kando ya Industrial Area, eneo la viwanda. Anatoka alfajiri kwa miguu mpaka geti la kiwanda kutafuta kibarua, akikosa basi jioni unga ni shida, halafu wewe unamwekea kikao Jumanne saa nne asubuhi, ukumbi uko mbali hadi apande matatu, tangazo lenyewe umeliweka gazetini kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 inampa haki ya kushirikishwa, sawa, lakini nauli na kibarua cha siku hiyo atavipata wapi?

Na hata akifika, kuongea ni kitu kingine. Wengi mitaani ni wapangaji, na landilodi amekaa pale mbele karibu na mzee wa kijiji. Ukisema choo cha ploti kimejaa miezi mitatu, kesho unaambiwa utafute nyumba kwingine. Sasa ongeza kabila hapo. Kuna mitaa ambayo wenye nyumba za mabati ni wa jamii moja na wapangaji ni wa nyingine, kwa hiyo neno la kodi linageuka la ukabila haraka sana, kama Kibera mwishoni mwa 2001, ugomvi ulianzia kwenye kodi ukaishia kwa watu kuuana. Waliopitia hayo, na tena yale ya baada ya uchaguzi wa 2007, wakinyamaza kwenye baraza mimi siwezi kuwalaumu.

Mukuru walifanya nini tofauti? Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango, yaani ujenzi mpya usimame kwa muda mpaka upatikane mpango wa eneo zima. Kaya kama laki moja. Kuzikusanya uwanjani haiwezekani, na ukichukua wawakilishi wachache tu unarudi kwa wazee walewale.

Kwa hiyo Muungano wa Wanavijiji, ambao ni wakazi wenyewe wa mitaa ya mabanda walioanza kujipanga miaka ya 90 kupinga kubomolewa, pamoja na mashirika wanayofanya nayo kazi, wakaanzia mlangoni. Kaya 10 zinazopakana ni kikundi kimoja, vikundi 10 vinaungana vinakuwa kaya 100, na kutoka hapo mnachagua wa kuwasemea juu. Usichanganye na ile nyumba kumi ya usalama iliyoletwa Kenya 2013, ile watu wengi waliiogopa wakiona ni ya kuchongeana kwa polisi. Hii ilikuwa ya maji, choo, njia na stima.

Hapa ndipo penye siri, na mimi naipenda sana hii: jirani wa ukuta hukumchagua. Mlango wa kwanza Mkamba, wa pili Mluhya, wa tatu Mkisii, na mtaro unaofurika ni mmoja, mvua ikinyesha unawaingilia nyote. Mkikaa watu kumi mlangoni jioni, baada ya kazi, mnaongelea mtaro. Mama ambaye hajawahi kushika maiki maishani anaongea, kwa sababu waliopo ni watu anaowaazima chumvi. Halafu wakazi walihusika wenyewe kukusanya takwimu, ikaonekana Mukuru wananunua maji kwa bei ya juu kuliko mitaa yenye bomba ndani ya nyumba! Kila mtu alikuwa anajua mtungi ni ghali ila ukiwa na hesabu mkononi, afisa hawezi kukwambia unalalamika tu.

Pakaja jambo gumu la barabara. Ukifuata vipimo vya kawaida vya upana, nyumba nyingi sana zingeondoka, watu wakasema hapana, njia ziwe nyembamba ili wabaki wengi, na mpango ukazingatia hilo. Kukubali njia ipite kwenye ukuta wako ni uchungu, lakini ukikubaliana na jirani zako kumi na sababu unaijua, ni tofauti kabisa na kuamshwa na tingatinga.

Kuanzia 2020 barabara za lami na mabomba ya majitaka yalianza kuingia Mukuru, mtu aliyeijua zamani ile ya matope atashangaa. Lakini nisiwafiche. Mwishoni mwa 2021 nyumba za maelfu kwa maelfu ya watu zilibomolewa huko Mukuru kwa Njenga kupisha barabara kubwa, watu wakalala nje kwenye mahema na watoto. Sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru iligawiwa watu binafsi tangu miaka ya 80 kwa ajili ya viwanda vidogo ambavyo havikujengwa, na hilo la nani mwenye shamba kaya kumi haziwezi kulimaliza zikiwa zimekaa mlangoni.